Jalada Tupu

Mama alishuka Ubungo jioni akitokea Lushoto, na kuku wawili wazima kwenye tenga. Kesho yake saa mbili asubuhi alikuwa ameshakaa kwenye hema la wazazi, kanga mpya begani, akisubiri kuniona napokea cheti. Hakuniona. Tulisimama mamia kwa mpigo, mzee mmoja mwenye joho lenye nakshi akasema maneno machache kwenye kipaza sauti, tukapiga kelele, tukakaa. Nje, kwenye vumbi la wapiga picha na wauza mashada ya maua ya plastiki, mama alinishika mkono.

"Haya, kiko wapi?"

"Kipi, mama?"

"Hicho cheti."

"Bado. Tutakifuata dirishani, baadaye."

"Bado vipi, na joho ushavaa?"

Mpiga picha alituokoa. Alinipa jalada gumu la rangi ya damu ya mzee, lenye utepe, akaniambia nilishike kifuani. Lilikuwa la kwake, na ndani hamna kitu. Picha ile ipo ukutani kwetu mpaka leo, na kila mgeni anayeingia huamini kwamba nimeshika shahada.

Sura hii ni jibu la swali la mama, limechelewa miaka mingi.

Tuanze na maneno, maana lugha yetu imelijua jambo hili kuliko sisi wenyewe. Shahada ni ushuhuda. Asili yake ni Kiarabu, ni ndugu wa shahidi na wa ushahidi, na kwa Mwislamu ndilo jina la tamko linalomwingiza mtu katika dini. Hutamkwa kwa ulimi, mbele ya watu. Cheti kimetoka Bara Hindi, na asili yake ni kijikaratasi tu, barua fupi, kimemo. Kwa hiyo mtu anaposema "nimeenda kuchukua shahada yangu" akiwa na maana ya karatasi, amechanganya mambo mawili yaliyo mbalimbali kama ndoa na cheti cha ndoa. Ndoa hufungwa kwa neno, karatasi huandikwa baadaye na mwenye kalamu. Hakuna bibi harusi aliyewahi kuulizwa kama ameolewa kweli eti kwa kuwa cheti hakijachapwa.

Na mhitimu je? Huyu ana mzizi mmoja na hitima, ile tunayomsomea marehemu. Jambo hilo huwachekesha wanafunzi na kuwatisha wazazi, lakini halina nuksi yoyote: mzizi wa Kiarabu unabeba maana ya kumaliza, na pia ya kutia muhuri. Anayehitimu Kurani amefika ukurasa wa mwisho. Mahafali nayo asili yake ni mikusanyiko, watu kukutana. Ukiyaunganisha maneno hayo matatu unapata sherehe nzima: watu wamekutana, jambo limefungwa, ushuhuda umetolewa. Karatasi haimo.

Sasa tuingie ukumbini. Kabla ya siku yenyewe, majina yamekwisha kupita idarani, yakapanda kwenye ndaki au kitivo, yakafika Seneti ya chuo, nayo ndiyo iliyosema huyu kafaulu na yule arudie. Siku ya mahafali hakuna linaloamuliwa upya. Maandamano huingia, wanataaluma na majoho yao ya kila rangi, na mbele yao mtu amebeba siwa. Mkuu wa Chuo hutangaza kwamba mahafali yamefunguliwa. Kisha Rasi wa Ndaki hupanda jukwaani na kuwaombea watu wake: hawa hapa wametimiza masharti, nakuomba uwatunuku. Kundi zima husimama. Mkuu wa Chuo hutamka kwamba kwa mamlaka aliyopewa anawatunuku. Maneno yenyewe hutofautiana chuo kwa chuo, lakini mfumo ni huo, na hayachukui nusu dakika.

Hapo ndipo penyewe. Kabla ya nusu dakika ile ulikuwa mtu aliyefaulu mitihani, baada yake una shahada. Ushahidi ni kwamba asiyekuwepo naye hutunukiwa. Yule aliyekosa nauli akabaki Sumbawanga, jina lake limo kwenye orodha, na neno likitamkwa Dar es Salaam linamfika kule aliko, akiwa shambani au amelala. Mwaka 2020, korona ilipofunga kumbi, Chuo Kikuu cha Nairobi kilitunuku shahada kwa njia ya mtandao, wahitimu wakiwa majumbani na majoho yao mbele ya simu. Watu walilalamika kwamba sherehe imepooza, na kweli ilipooza. Shahada zenyewe hazikupungua hata chembe.

Wa uzamivu ndio pekee ambao vyuo vyetu vingi huwaita mmoja mmoja. Jina husomwa, mada ya tasnifu husomwa (na ukumbi huguna ikiwa ndefu), naye hupanda na kuvishwa kile kitambaa cha rangi kinachoning'inia mgongoni. Wengine wote hutunukiwa kwa mafungu, na sababu ni hesabu tu: watu 3,000 kwa sekunde kumi kila mmoja ni zaidi ya saa nane. Marekani, ambako kila mtoto lazima asikie jina lake na apeane mkono na mkuu, wamelitatua tatizo kwa ujanja ule ule wa mpiga picha wangu. Vyuo vingi humpa mhitimu jalada tupu jukwaani, na karatasi yenyewe hufuata kwa posta wiki kadhaa baadaye, kwa sababu siku ya sherehe alama za mwisho pengine hazijahakikiwa, na hakuna awezaye kupanga maelfu ya vyeti kwa mfuatano wa watu wanaobadilishana viti ili wakae na marafiki zao.

Nchini Kenya tamko la kutunuku lina kipande kilichogeuka msemo wa mitaani. Mkuu wa Chuo humpa mhitimu mamlaka ya kusoma na kufanya yote yanayohusiana na shahada hiyo. Kila mwaka vijana hukitania: miaka minne nilikuwa nafanya nini kama mamlaka ya kusoma nimepewa leo? Utani ni mtamu, ila kipande hicho ni cha zamani na kina akili yake. Katika vyuo vya Ulaya vya karne za kati kitabu kilikuwa mali ya thamani, kimeandikwa kwa mkono, na mwalimu alifundisha kwa kukisomea darasa kwa sauti huku akikifafanua. Kusoma kulikuwa ndiko kufundisha. Kilichotolewa mwisho wa masomo kilikuwa ruhusa ya kufundisha, na aliyeitoa hakuwa mwalimu wa darasani. Paris alikuwa mkuu wa ofisi ya kanisa kuu la Notre-Dame, na cheo chake ndicho hiki hiki tunachokiita Mkuu wa Chuo. Bologna, Papa Honorius wa Tatu aliagiza mwaka 1219 kwamba asifundishe mtu bila idhini ya shemasi mkuu wa mji. Kwa hiyo kijana wa Kakamega anayetunukiwa shahada ya kilimo anaambiwa, kwa maneno ya watu waliokufa zamani, kwamba sasa anaweza kusimama na kusomea wengine.

Pwani yetu haikuhitaji kungoja Bologna. Ijaza ilikuwepo. Mwanafunzi alikaa mbele ya sheikh na kitabu kimoja, akakisoma mstari kwa mstari, sheikh akimsahihisha, na siku alipoutosheleza moyo wa mwalimu aliruhusiwa kukisomesha. Ruhusa hiyo ikiandikwa, ilitaja mnyororo: nimekipokea kwa fulani, naye kwa fulani, mpaka kwa mtunzi mwenyewe. Ndivyo walivyokwea wanazuoni wa Zanzibar kama Sayyid Ahmad bin Sumayt, mzaliwa wa Ngazija aliyekuja kuwa kadhi, na Sheikh Abdallah Bakathir, mzaliwa wa Lamu, ambao wote wawili walifariki mwaka 1925. Walisafiri kutafuta walimu hadi Hadhramaut, wakarudi na ijaza zao. Tofauti na mambo yetu ya sasa ni moja, nami naiona kubwa: ijaza ilitolewa na mtu, kwa mtu aliyemjua uso. Hakuna aliyeuliza umesoma chuo gani. Waliuliza umesoma kwa nani. Leo anayenitunuku hanijui, na karatasi yangu haimtaji hata mmoja wa walionifundisha. Wapo wasomi waliodai kwamba shahada za Ulaya zilizaliwa na ijaza, na wapo waliobisha. Ugomvi huo nauacha kwa wenyewe.

Mavazi pia yamekutana hapa kwetu kwa namna ya ajabu. Joho la chuo limetoka kwa makasisi waliosoma katika kumbi zenye baridi kali, ndiyo maana mwezi Novemba Dar es Salaam linakutoa jasho mpaka soksi. Lakini jina lake ni la vazi lingine kabisa, lile joho lililotariziwa la masultani na la bwana harusi wa pwani. Siwa nayo, ambayo leo ni rungu la mamlaka linalotangulia maandamano chuoni na bungeni, ilikuwa pembe ya kupulizwa. Ya Pate ilichongwa kwa pembe za ndovu, ya Lamu ikatengenezwa kwa shaba, na zilipigwa kwenye harusi na shughuli za wakubwa. Siwa ya zamani ilisikika mtaa wa tatu. Ya sasa ni bubu.

Aliyepita pande zote mbili za sherehe hii ni Julius Nyerere. Alisomea ualimu Makerere, kisha akahitimu shahada ya M.A. Edinburgh mwaka 1952. Kule mhitimu hugongwa kichwani kwa kofia ya zamani ya kitambaa, ambayo hadithi husema ilishonwa kutokana na suruali ya mhubiri John Knox. Ni hadithi tu, Knox alikufa karne ya 16 na kofia yenyewe ni ya karne ya 19. Chuo cha Dar es Salaam kilipoanza Oktoba 1961, katika jengo la TANU mtaa wa Lumumba, kilikuwa na wanafunzi wa sheria tu, hawakufika hata 15, nacho kilikuwa tawi la Chuo Kikuu cha London. Makerere ilikuwa imeshaingia chini ya London tangu 1949. Maana yake, mtu angeweza kusoma Kampala miaka yake yote na ushuhuda ukatolewa kwa jina la mji wa Waingereza. Mwaka 1963 kikaundwa Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki kikiunganisha Makerere, Nairobi na Dar es Salaam, na Mkuu wake wa Chuo akawa Nyerere. Sasa neno lilikuwa kinywani mwake.

Miaka mitatu baadaye aliona majoho yakija kwake kwa njia nyingine. Tarehe 22 Oktoba 1966 wanafunzi karibu 400 waliandamana hadi Ikulu wakiwa wamevaa majoho ya chuo, wakipinga sheria ya kujiunga na Jeshi la Kujenga Taifa. Nyerere aliwasikiliza, akakasirika, akawarudisha wote makwao, na papo hapo akatangaza kukata mshahara wake kwa asilimia 20. Watu hubishana hadi leo kuhusu nani alikuwa na haki siku ile. Mimi huwa nafikiria mavazi: vijana wale walivaa joho wakidhani litawapa uzito mbele ya Rais, na joho ndilo lililomkera, maana lilimwonyesha tabaka linalojiona limekwisha kufika.

Turudi dirishani, maana mama bado anangoja.

Ili upewe karatasi lazima kwanza uthibitishe kwamba hudaiwi. Wanafunzi huuita uthibitisho huo kliaransi, na ni fomu moja yenye visanduku vingi kuliko mitihani yote uliyofanya: maktaba, hosteli, maabara, idara ya fedha, stoo ya majoho. Kwenye chuo nilichosoma, ambacho sitakitaja, kulikuwa na kisanduku cha michezo. Sijawahi kugusa mpira katika maisha yangu. Bwana michezo alinitazama muda mrefu, akafungua daftari, akapitisha kidole ukurasa baada ya ukurasa, akauliza, "Una hakika huna jezi yetu?" Nikala kiapo cha mdomo. Akagonga muhuri.

Nyuma ya dirisha alikuwa mama wa makamo mwenye miwani iliyofungwa uzi. Alichukua kitambulisho changu, akavuta boksi, akatoa karatasi nene ya rangi ya maziwa. Nilipoona jina la chuo kwa herufi za mapambo machozi yalinilenga, nikatia saini kwenye daftari kubwa, nikaondoka mbio. Nilifika kituo cha daladala ndipo nikasoma. Jina la babu yangu lilikosa herufi moja katikati. Nilirudi.

"Umeshasaini, mwanangu," alisema kwa upole. "Hapo umekubali kwamba umepokea kikiwa sahihi. Ungesoma kwanza."

Ilinichukua miezi mitano: kiapo kwa wakili, cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, barua mbili, na safari nisizotaka kuzihesabu. Herufi moja. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba karatasi, japo siyo shahada, ndiyo inayong'ata. Wenye madai wanalijua hilo vizuri. Kuna shule zinazozuia vyeti vya watoto kwa ajili ya karo, hata Kenya ambako Sheria ya Baraza la Mitihani ya 2012 inakataza kuzuia cheti cha mtahiniwa. Mtoto alishafaulu, neno limeshatoka, lakini hana cha kumwonyesha mwajiri. Huu ni utekaji nyara, na tuuite hivyo.

Upande wa pili wako waliokuwa na karatasi bila neno. Aprili 2017, katika Chuo Kikuu cha Dodoma, Rais John Magufuli alikabidhiwa ripoti ya uhakiki wa vyeti vya watumishi wa umma, na ndani yake mlikuwa na majina 9,932 ya walioonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Walitakiwa kuondoka kazini. Wengine walikuwa wametumikia miaka mingi, wauguzi, walimu, madereva, na mwaka 2022 Rais Samia Suluhu Hassan aliagiza warudishiwe michango yao wenyewe waliyokatwa kwenye mifuko ya hifadhi ya jamii. Jambo la kuangalia ni jinsi walivyobainika. Vyeti vilipelekwa Baraza la Mitihani vikalinganishwa na kumbukumbu zake. Karatasi ikiwa nzuri namna gani, na muhuri ukiwaka namna gani, swali lilikuwa moja: daftari linasemaje?

Warumi walilijua hilo. Hili neno diploma asili yake ni Kigiriki, kitu kilichokunjwa maradufu. Askari wa vikosi vya wageni aliyemaliza miaka 25 ya utumishi alipewa uraia, na ushahidi wake ulikuwa vibao viwili vya shaba vilivyofungwa pamoja kwa waya. Maandishi yalichongwa nje, na maneno yale yale yakachongwa tena ndani, kisha mihuri ya mashahidi saba ikafunga waya. Mtu akichezea ya nje, unakata waya unasoma ya ndani. Na kibao kilieleza kwamba kimenakiliwa kutoka kwenye bamba lililotundikwa Roma. Yaani hata shaba ile haikujidai kuwa ndiyo haki yenyewe. Ilikuwa inaelekeza kidole mahali neno lilipoandikwa.

Basi wewe unayevaa joho mwaka huu, sikiliza nusu dakika ile vizuri, usiwe unajipiga picha. Ukifika dirishani, soma jina lako herufi kwa herufi, soma mwaka, soma kozi, ndipo utie saini. Piga nakala, ziweke mahali tofauti. Usikipige cheti laminesheni hata fundi akikubembeleza, kwa sababu mkaguzi anataka kuupapasa muhuri mkavu kwa kidole, na plastiki ikishika haibanduki bila kuchuna karatasi.

Mama alikiona changu mwezi wa nane uliofuata. Alinawa mikono kwanza. Alipapasa muhuri kwa kidole gumba, akalitafuta jina la baba yake akalikuta liko sawa, akauliza kama maji yakikiingia kinaharibika. Nikamwambia ndiyo. Akakitia kwenye sanduku lake la bati, chini ya kanga, na ufunguo akaufunga kwenye pindo la kanga yake. Kiko humo hadi leo. Nikikihitaji, napanda basi la Lushoto.